Uji wa Jikoni kwa Mama

Kuhusu dawa za kichwa hakukuwa na mtu wa kumfundisha Jedidah, maana yeye alikuwa ameolewa nazo. Marehemu mumewe, Kiunga, alishikwa na wazimu wakati kahawa ilipokosa bei. Alivunja madirisha ya kanisa, akamfukuza mkewe kwa panga mpaka Jedidah akalala juu ya mparachichi akiwa na mimba ya mwanawe Mutugi, na mwishowe akafungwa kamba akapelekwa hospitali. Alirudi na vidonge vidogo. Tangu siku hiyo hadi alipozikwa, Kiunga hakuvunja hata kikombe. Alikaa kwenye benchi kando ya ghala, mikono juu ya magoti, macho yakitazama migomba, na Jedidah alipopita na ndoo yake ya maji alimfukuzia nzi usoni kwa sababu mwenyewe hakujisumbua. Majirani wa kule juu ya mji wa Nkubu walimwambia kwamba Mungu amemkumbuka, naye akawaamini. Mwanamke aliyewahi kulala mtini akimwogopa mumewe hahitaji kuelezwa utulivu ni nini.

Kwa hiyo Mutugi naye aliposhikwa na wazimu, Jedidah alijua la kufanya kabla ya daktari yeyote kuvaa koti lake jeupe.

Mutugi alikuwa fundi wa kuchomelea malango, na karakana yake ilikuwa Majengo, mjini Meru. Alikuwa amepata kazi kubwa ya milango na madirisha ya vyuma kwa nyumba za kupangisha wanafunzi kule Nchiru. Mwenye nyumba alimharakisha, naye akaona usingizi ndio adui. Akatafuna miraa mchana, akatafuna usiku, mpaka usingizi ukamhama kabisa, na akili ikaufuata nyuma. Siku moja wenzake walimkuta amechomelea lango la mteja pande zote likawa ukuta, halifunguki tena, naye anazunguka karakana akisema kuna watu wanataka kuingia. Hakuweza kukaa. Aliketi, akasimama, akavua shati, akalivaa, mikono ikipapasa mifuko kama ya mtu aliyepoteza funguo. Wakamleta nyumbani.

Aliyempeleka kwa daktari ni mkewe, Wawira, mwalimu wa chekechea, binti wa Mbeere, kule Embu ya chini kwenye jua na muguka, ile miraa ya majani. Jedidah hakuwa na neno baya la kusema juu yake, na hilo lenyewe lilimkera. Walikwenda wote watatu hadi kliniki ya Daktari Njiru mjini Meru. Huyu alikuwa kijana wa Runyenjes, Embu hukohuko, na aliposikia Wawira anatoka wapi akabadilisha lugha, wakasalimiana kikwao na kucheka kidogo. Jedidah, aliyekuwa ameketi kando ya mwana aliyemzaa yeye, akajiona mgeni. Akakumbatia kikapu chake na kununa.

Daktari alieleza dawa vizuri, hilo tusimnyime. Alisema mahangaiko ya mwili kama yale yana dawa za namna tatu, na hakuna iliyo malaika. Kuna ya zamani, haloperidol, rahisi kununua, inamkamata mtu upesi, lakini kwa wengine hukaza mwili ukawa kama ubao, au huwasha miguu wasiweze kutulia. Kuna mpya zaidi, olanzapine, inayoleta usingizi mzito na njaa, mtu akanenepa. Na kuna za jamii ya valium, zinazotuliza kama blanketi, ila mtu huzizoea akashindwa kuachana nazo. Kwa Mutugi alichagua ile ya pili, kidonge kimoja jioni, na akamkabidhi Wawira. Jedidah alilisikia jina la ile ya kwanza na moyo ukamruka, kwa sababu boksi lake tupu bado lilikuwa sandukuni mwake pamoja na kitambulisho cha marehemu. Dawa iliyoiponya nyumba yake ndiyo hii kijana huyu aliitaja kwanza, kisha akaisukuma kando.

Olanzapine ilifanya kile daktari alichosema itafanya. Mutugi alilala mpaka jua linafika mlangoni mwa jikoni. Alikula kama watu waliotoka kuvuna, akaota kitambi, akacheka tena, polepole, kama anayekumbuka namna ya kucheka. Kwa Wawira huko ndiko kupona. Kwa Jedidah ilikuwa aibu, mwanamume mzima kukoroma huku kahawa ikianguka shambani. Na zaidi ya aibu kulikuwa na hofu. Alasiri moja mbuzi alimwaga maji na Mutugi akampigia kelele, kelele ya kawaida ambayo mtu yeyote angempigia mbuzi, lakini Jedidah aliona jicho la Kiunga ndani ya lile la mwanawe. Akajiambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kesho yake akashuka Nkubu na lile boksi tupu.

Mwenye kemisti, duka la dawa, alikuwa Ednah, mwenzake wa kanisani. Ednah aliuliza karatasi ya daktari iko wapi, lakini aliuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwudhi mama wa kanisa. Jedidah akasema ni ileile ya mzee, aliitumia miaka yote. Alikuwa amesema kweli tupu bila kusema mzee yuko wapi. Ednah alikuwa mgeni Nkubu, hakuwa amemzika Kiunga. Akauza.

Sasa, kwao mwanamume akishatahiriwa haingii tena chumba anacholala mama yake, wala mama haingii chumba anacholala mwanawe. Pa kukutana ni jikoni. Na mwana hapiti mbele ya moto wa mama yake bila kuonja kitu, hata awe ametoka kula kwake sasa hivi, maana kukataa chungu cha mama ni kujitafutia laana. Wawira alilijua hilo na hakuthubutu kuligusa. Kila asubuhi Mutugi alikuja, akainama chini ya moshi, akapokea kikombe cha uji wa wimbi uliochachuka vizuri. Jedidah alikisaga kidonge kwa kitako cha chupa, akakitia, akaongeza sukari. Hakuona ubaya. Mgonjwa haulizwi uji.

Mutugi akaanza kutembea.

Mwanzoni ilikuwa kutoka jikoni hadi ghalani na kurudi. Kisha ikawa kulizunguka ghala, kushuka hadi kwenye kahawa, kupanda tena, mpaka nyasi zikalala na njia nyekundu ikaonekana mahali ambapo hapakuwa na njia. Akiketi, mguu mmoja ulitikisika, kisha wa pili, kisha akainuka. Alikula amesimama. Alikuja kanisani akatoka kabla ya sala ya kwanza, na watu wakageuka kumtazama Jedidah. Wawira alisema hata kitandani miguu yake inakwenda, lakini hayo yalikuwa ya chumbani, na Jedidah aliyasikia tu kama mtu anayesikia mvua ya kijiji kingine. Aliyoyaona kwa macho yake ni kwamba ugonjwa umerudi na vidonge vya Wawira vimeshindwa. Akaongeza vyake. Kimoja kikawa viwili, na asubuhi ikapata mwenzake, jioni.

Siku moja Mutugi alikuja jikoni akashika boriti ya paa kwa mikono yote miwili, kana kwamba anataka kujizuia asiondoke.

"Mama, si kichwa," alisema. "Kichwa kiko sawa. Ni huu mwili. Nikiketi nasikia moto ndani ya mifupa. Kama nitaishi hivi, heri nisiwepo."

Jedidah alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini hata Kiunga alikuwa akisema kichwa chake kiko sawa, panga mkononi. Akampa kikombe. Mutugi akanywa amesimama, akisogeza uzito wake kutoka mguu huu hadi huu, akarudisha kikombe na kushukuru.

Wawira alimrudisha kwa Daktari Njiru, na Jedidah akaenda pia, kwa sababu kubaki kungeonekana vibaya. Safari hii hakukuwa na salamu za kikwao. Daktari alimtazama Mutugi akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akamtazama kwa muda mrefu mno, kisha akamgeukia Wawira.

"Kuna dawa ingine anakunywa?"

"Hakuna, daktari. Dawa naweka mimi, na ni mimi namgawia."

"Nauliza tena, kwa sababu hii kutembea mimi huiona kwa watu wanatumia haloperidol. Si ugonjwa, ni dawa inawachoma miguu. Kama anaimeza mahali halafu nimwongezee, nitakuwa namwaga petroli kwa moto. Naweza kumuua."

Wawira aliapa kwa watoto ambao bado hakuwa amejaliwa. Daktari akamgeukia Jedidah, akalainisha sauti.

"Na wewe, shosho? Hakuna mitishamba unampatia?"

Hapo ndipo mlango wa kukiri ulipofunguliwa, na ulifunguliwa wazi, mtu hakuwa na kazi ila kupita. Jedidah alikuwa na neno mdomoni. Lakini alimwona Wawira akimtazama, Wawira ambaye angerudi nyumbani akijua kwamba mama mkwe wake humtilia mumewe vitu kwenye uji kama wachawi wa hadithi. Alimwona na daktari, kijana wa upande wa Wawira. Akaona kanisa zima la Nkubu nyuma yao.

"Mimi ni mtu wa kanisa," alisema. "Mitishamba sijawahi kumpa."

Na ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilitoka kwa urahisi.

Basi daktari akasema kama hakuna dawa nyingine, mahangaiko yenyewe ndiyo yamerudi kwa nguvu, na yanataka dawa inayokamata upesi. Akavunja shingo ya kichupa, akavuta sindano. Jedidah aliona maandishi kwenye boksi. Yalikuwa yaleyale ya boksi lake. Kifua chake kilijaa vitu viwili kwa pamoja: hofu, kwa sababu alikuwa amesikia habari ya petroli, na kiburi, kwa sababu hatimaye msomi huyu alikuwa amefika alikokuwa yeye tangu mwanzo. Hofu ilikaa naye hadi nje ya mlango wa kliniki. Kiburi kilikwenda naye mpaka nyumbani.

Aliapa ataacha. Tumpe haki yake, aliapa kwa dhati, na Mutugi alipolala mchana kutwa kwa ajili ya ile sindano, kikombe chake kilimngoja na uji mtupu. Lakini alipoamka alianza tena kulizunguka ghala, kwa kasi zaidi kuliko mwanzo, meno yameuma mdomo. Jedidah alisimama mlangoni na mwiko wake, akamtazama akipita, akipita tena. Kama sindano ya daktari ilikuwa dawa hiyohiyo, alifikiri, basi kosa si la dawa, kosa ni udogo wake. Dawa ya moto ni moto. Akarudi ndani, akashika chupa, na safari hii hakusaga viwili tu.

Ndipo utulivu ukaja.

Alimkuta asubuhi ameketi kwenye benchi la baba yake kando ya ghala. Mikono ilikuwa juu ya magoti. Macho yalitazama migomba. Hakutikisa mguu. Jedidah alisimama na ndoo yake, akahisi mwili wote ukilegea kwa furaha, akamshukuru Mungu kwa sauti, na akaketi mlangoni kuchagua maharagwe huku akiimba. Alipopita karibu yake aliona nzi mdomoni mwa Mutugi. Akamfukuza bila kufikiri, kwa mkono uliokuwa umezoea. Alimpelekea uji kwenye benchi, mtupu, wa kusherehekea. Uji ukaingia, ukatoka pembeni ya mdomo, ukashuka kidevuni hadi shingoni. Akasema amechoka, maskini, ametembea sana.

Wawira aliporudi kutoka shuleni hakuona utulivu wowote. Alimwita mumewe, akamtikisa, mkono wake ukakataa kukunjika. Akaita watu. Bundi, mdogo wake marehemu Kiunga, alikuja kutoka boma la pili, wakambeba Mutugi akiwa mkavu kama mlango uliong'olewa, wakamlaza chumbani kwake. Jedidah alibaki sebuleni, mbele ya pazia, kwa sababu ya mwiko. Alisikia Wawira akisema anaungua, leteni maji. Kisha pazia likafunguka.

"Mama, ingia," Wawira alisema. "Achana na mila. Ingia umwone mtoto wako."

Aliingia. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mahali ambapo mwanawe alikuwa akilala, au akishindwa kulala. Shuka la upande wa miguu lilikuwa limechanika vipande kwa kusuguliwa, usiku baada ya usiku. Akamgusa Mutugi kifuani, na mkono wake ukaruka wenyewe. Jiko la makaa lingempokea vizuri zaidi.

Walipokuwa wakingoja gari, Bundi alisema lile alilokuwa akilitafuna tangu harusi. Alimwuliza Wawira mbele ya majirani amempa nini mtoto wao, maana watu wa Mbeere wanajulikana kwa uchawi. Hakuna aliyemkemea. Wawira alimtazama mama mkwe wake, akingoja. Jedidah alikuwa akitafuta leso yake, akatafuta kwa bidii sana, na leso ilikuwa mabegani mwake.

Daktari Njiru alikuwa ameitwa hospitalini, na aliwakuta wauguzi wakimfunika Mutugi kwa vitambaa vya maji. Hakupoteza maneno. Alisema joto kama hili na kukakamaa huku kunaweza kuwa vijidudu vilivyofika kwenye ubongo, au kunaweza kuwa dawa. Njia za kutibu hazifanani, na akishika isiyo yake, saa za mgonjwa zitaisha akiwa bado anatafuta. Moyo wake ulikuwa tayari unakimbia vibaya.

"Wawira, fikiria vizuri. Alimeza nini?"

Wawira hakuapa tena. Uso wake ulikuwa umechoka kupita kuapa.

"Sijui, daktari. Labda ni mimi. Labda nilichanganya, nikampatia mara mbili. Sema ni mimi, lakini umtibu."

Bundi aliguna, guno la mtu aliyejua siku zote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, lakini hawakusema kwamba kifo huja kwanza kwa mwingine, kikasimama hapo na kumtazama mfichaji. Jedidah aliwaangalia wote, kisha akafungua fundo la leso yake. Karatasi ya vidonge ilikuwa humo, karibu yote imetobolewa.

"Ni mimi," alisema. "Humtilia kwa uji."

Daktari alichukua ile karatasi, akasoma, akageuka na kuwapa wauguzi maagizo mafupi, wakaanza kukimbia. Kitanda kilisukumwa kuelekea chumba chenye mashine. Wawira alifuata kitanda bila kumtazama mama mkwe wake, na hilo Jedidah alilipokea kama stahili yake. Bundi alikuwa amevua kofia yake na hakujua aiweke wapi.

Daktari aliporudi hakumkemea. Pengine ingekuwa nafuu kama angemkemea. Alimwambia wamesimamisha dawa zote, wanampoza, wanampa maji ya mshipani, na hawezi kuahidi lolote. Kisha akauliza aliijulia wapi dawa ile. Jedidah akamweleza habari za Kiunga.

"Na ilimsaidia mzee?"

"Ilimsaidia sana. Alitulia. Alikuwa anakaa tu pale kwa benchi, hakusumbua mtu. Hata mate yakitoka alikuwa hapangusi. Hata nzi akimkalia kwa jicho, alikuwa ha..."

Hakumaliza. Alijisikia mwenyewe akisema, na habari hizo hazikuwa tena za Kiunga peke yake. Daktari aliinamisha kichwa.

"Alikuwa anatusikia?" Jedidah aliuliza.

Daktari alisema hakumwona mzee, hawezi kujua. Halafu, kwa kuwa alikuwa kijana na hakuwa bado amejifunza kudanganya wazee, akasema huenda alikuwa anasikia kila kitu.

Miaka ile yote. Jedidah alikumbuka maneno aliyoyasema mbele ya benchi lile, kwa majirani, kwa mchungaji, kwa watu wa kahawa, akidhani anasema mbele ya ghala. Kwamba sasa mume wake ni kama mtoto mzuri. Kwamba Mungu akitaka kumpa mwanamke pumziko humpa mume asiyesema. Walikuwa wakicheka, na yeye akicheka nao, na Kiunga ametazama migomba.

Walimruhusu kuingia kidogo. Mutugi alilala chali katikati ya nyaya, macho wazi, hayamtazami mtu, na kwenye kona ya mdomo wake kulikuwa bado na alama ya uji iliyokauka. Wawira alisimama upande wa pili akimshika mkono usiokunjika. Nzi aliingia kutoka dirishani, akazunguka, akatua chini ya jicho la Mutugi, akaanza kutembea kuelekea kwenye unyevu.

Mkono wa Jedidah ulianza kuinuka wenyewe, kama ulivyozoea. Akaurudisha. Alitaka kwanza kuona kama Mutugi atapepesa jicho, hata mara moja, na akasimama pale akingoja.